Kamati ya Figo za Mama

Majira ya baridi yaliyopita mama yangu aliugua figo kwa majuma kadhaa, na katika majuma hayo yote figo zake hazikuwa na ugonjwa wowote. Waliougua ni watu wengine. Kanisa liliugua. Anti aliugua. Baba yangu ndiye aliyezidiwa kabisa, mpaka akashikwa na presha ambayo hatukuwa tumewahi kuisikia. Mama mwenyewe alikuwa anakunywa dawa zake chungu na kwenda kazini kama kawaida.

Nianze na mgongo, maana ndio ulioanza. Mama analea wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku. Kulea ni neno tamu tu la kufichia kuinua: kumwinua mzee kitandani, kumwinua chooni, kumwinua yule anayeng'ata. Kwa hiyo mgongo ulikuwa unamuuma chini kabisa, pale mshipi unapokaa. Magoti yalikuwa yanalia kama lifti ya jengo letu, na masikio yanavuma hata pakiwa kimya. Daktari wetu wa kawaida alimwambia apumzike. Mama akamshukuru vizuri sana, akavaa koti, akaenda kazini.

Kuna Mchina mmoja anayefanya kazi naye ndiye aliyemwambia kuhusu daktari wa dawa za kwao, hapo mtaa wa North York, kwenye plaza ambayo ina duka la simu upande huu na wapaka kucha upande ule. Anti akajitolea kutupeleka. Anti si dada ya mama wala ya baba. Ni mwenyekiti wa kina mama kanisani kwetu, ana gari, na ana mdomo unaokwenda kasi kuliko hilo gari. Mimi nilichukuliwa niwe mkalimani, ingawa mama anajua Kiingereza kuliko mwalimu wangu wa hesabu. Alisema Kiingereza chake na cha Wachina huwa hakikutani njiani, na kwa kuwa mimi nimesoma na watoto wa Kichina tangu darasa la nne, lazima nitaelewa. Mimi kutoka kwa hao watoto nilijifunza matusi tu, lakini sikumwambia. Ningekosa kutoroka kipindi cha mchana.

Ndani kulikuwa na kabati la droo ndogo ndogo mpaka darini, na harufu kana kwamba mtu alimwaga supu kwenye sanduku la nguo za bibi miaka mingi iliyopita na hakuna aliyekubali kuwa ni yeye. Mezani alisimama mtu wa plastiki asiye na nguo, amechorwa mistari na vitone kutoka kichwani hadi kidole cha mguu.

"Huyu naye alikuja na mgongo tu," nilimnong'oneza mama.

"Nyamaza, tafadhali."

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa mama, amevaa sweta ya zambarau na raba. Hakuwa na koti jeupe. Nilimwona Anti akilitafuta hilo koti kwa macho, ukutani, nyuma ya mlango, na asipoliona akafumba macho akaanza kuomba. Daktari akaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa mama, pale saa inapofungwa, akatulia. Hakuangalia saa, hakuhesabu. Alikuwa anasikiliza kwa vidole, akikandamiza hiki, akilegeza kile, halafu akahamia mkono wa pili akaanza upya. Akasema ulimi. Mama akatoa ulimi mbele ya binti yake na mwenyekiti wa kina mama, kitendo ambacho kwa heshima ya mama kilikuwa kigumu kuliko kuzaa.

Kisha daktari akasema, "Figo zako zimechoka sana. Zimebaki kidogo."

Nikatafsiri vile vile.

"Yesu wa Nazareti!" Anti alisema, akasimama, akatoka nje na simu mkononi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu maelezo yote yalikuja baada ya Anti kutoka. Daktari alichukua karatasi ya tangazo la pitsa, akaigeuza, akaanza kuchora. Alisema mwili ni kama serikali ya zamani. Moyo ni mfalme, na roho ya mtu inalala kwake. Mapafu ni waziri anayekaa karibu na mfalme, anagawa pumzi, na huzuni ikija inapigia hodi huko kwanza. Ini ni jemadari. Linapanga vita, na usiku mtu akilala linaweka damu akiba. Usipolala, jemadari hapati usingizi, na jemadari asiyelala anapiga watu wake mwenyewe. Hiyo ndiyo hasira. Bandama ni ghala la chakula, na ukiwaza sana unaliozesha. Nyongo ni hakimu, ndiyo inayompa mtu ujasiri wa kukata shauri.

"Na figo?" mama akauliza.

Figo ni kisima, alisema. Unazaliwa na maji yake kutoka kwa baba na mama yako. Unayateka ukikua, ukizaa, ukikesha, ukibeba vitu vizito. Mifupa inakunywa hapo, magoti yanakunywa hapo, masikio pia. Woga nao unakaa humo chini. Ukiishi na woga kila siku, kisima kinavuja.

"Sisemi habari za zile mbili za hospitali," aliongeza, akigonga karatasi kwa kalamu. "Hizo nyama mimi sizijui. Mimi nasema kazi yake. Ukitaka kujua habari za nyama, nenda ukapimwe damu. Usiniamini mimi."

Nikampenda hapo hapo. Sijawahi kumsikia daktari, mchungaji wala mwalimu akisema usiniamini mimi.

Akarudisha vidole mkononi mwa mama. "Ini linasukuma. Una hasira na mtu?"

"Hapana," mama akasema.

Nikakohoa.

"Huyu pia ana hasira," daktari akasema bila kuniangalia. Kisha akamuuliza mama, "Unaogopa nini?"

"Hakuna."

Daktari hakubishana. Aliendelea kuchora, na chini ya picha akaweka duara ambalo halikugusa kitu chochote. Alisema kuna kiungo kingine, kinapitisha maji na joto katika mwili mzima, kina kazi, kina jina, lakini ukimpasua mtu hukioni. Vitabu vyao vya zamani vinasema kina jina na hakina umbo.

"Kama baba," nikasema.

Mama alinifinya paja kwa nguvu ambazo mtu aliyeishiwa figo hatakiwi kuwa nazo.

Sasa lazima niseme habari za baba. Baba ni dereva wa lori. Anaishi mji wa jirani, Brampton, chini ya nyumba ya watu, katika chumba chenye dirisha linaloangalia matairi. Alihamia huko majira ya baridi ya mwaka juzi, ati kwa sababu ghala wanalopakia mizigo liko karibu na ni kwa muda tu, mpaka ratiba itulie. Ratiba haijatulia. Hawakugombana, hawakuachana, hakuna mtu aliyeondoka na televisheni. Watu wakimuuliza mama kanisani, husema, "Baba yuko kazini Brampton," na husema hivyo kwa sauti ya mke. Mimi nilikuwa nimeshaacha kuuliza. Yeye hakuwa ameacha kungoja. Hicho ndicho alichokuwa anakiogopa, na yule daktari Mchina alikigusa kwa vidole vitatu: kwamba siku moja atajua kwa hakika kama bado ana mume au hana.

Tulipofika kwenye gari, simu ya mama ilikuwa inatetemeka kama kuku aliyekamatwa. Anti alikuwa ameandika kwenye grupu la kina mama: "Wapendwa, dada yetu amepatikana na shida kubwa ya figo. Daktari anasema zimebaki kidogo. Tusimame naye." Na chini yake, amina juu ya amina, mikono ya kuomba, mishumaa, na mtu mmoja aliyeweka keki ya siku ya kuzaliwa kwa makosa na hakuiondoa.

"Si figo hizo, dada," mama alimwambia. "Amesema ni uchovu."

"Usiikane," Anti alisema, akiwasha gari. "Kukubali ndio mwanzo wa uponyaji."

"Alisema mwenyewe si zile za hospitali."

"Nilisikia kwa masikio yangu. Zimebaki kidogo. Wewe unatulinda, nakujua."

Kwetu mtu akiugua hapati dawa kwanza, anapata kamati. Kabla hatujafika nyumbani grupu jipya lilikuwa limeundwa, lina jina la mama na neno Figo, lina mwenyekiti, katibu na kamati ndogo ya chakula. Mama aliingizwa kama mwanachama wa ugonjwa wake mwenyewe. Chapati zilianza kufika jioni ile ile, na ndengu, na githeri ya mahindi na maharage ndani ya makopo ya aiskrimu, mpaka friji ikakataa kufunga. Kila aliyekuja alimtazama mama miguuni aone kama imevimba. Mama alijaribu kueleza. Kila alipoeleza walimpapasa bega na kusema ana imani kubwa.

Nilichokuwa sielewi ni kimoja. Sisi ndio watu wa mwisho duniani waliotakiwa kukosea hapo. Bibi yangu akitukanwa na jirani alikuwa anasema amekatwa maini, na hakuna aliyekimbia kutafuta uzi. Mtu akikata tamaa tunasema amekufa moyo, na kesho yake tunamkuta sokoni. Mwenye kinyongo tunajua hajameza kitu. Tuna maini ya maneno, mioyo ya maneno, nyongo za maneno, miili miwili miwili kila mmoja wetu, mmoja wa nyama na mmoja wa kusemea. Halafu Mchina naye akatoa wake wa kusemea, tukaita kamati.

Shuleni juma lile lile tulikuwa tunapasua figo ya kondoo. Nilimuuliza mwalimu wa biolojia woga unakaa sehemu gani hapo. Akaniambia niandike majina ya sehemu alizozitaja. Nikaandika, na pembeni nikachora kisima na mtu ameanguka ndani. Aliniondolea alama. Sikulalamika, mchoro haukuwa mzuri.

Jikoni, mama alikuwa anachemsha dawa. Mizizi, maganda, kitu kama gome la mti na kitu kama mende ambacho aliapa si mende. Alizichemsha kwenye sufuria ya ugali kwa sababu ndiyo kubwa, na tangu hapo ugali wetu ulikuwa na ladha ya majuto. Alikunywa akiwa amesimama, macho yamefumbwa. Uchungu wake ulikuwa unafika mpaka chumbani kwangu kupitia chini ya mlango.

Na hapo baba akapiga simu.

Anti ndiye aliyemwingiza kwenye grupu, ati mume ana haki. Baba aliandika "Amina" kama watu wengine, kisha akapiga. Sio kupiga kule kwa Krismasi. Alipiga jioni, akapiga tena siku iliyofuata. Nilimsikia mama akicheka kidogo jikoni, kicheko ambacho sikukijua, cha msichana fulani ambaye sikuwahi kukutana naye. Alimwambia, "Hapana, usijali, si hivyo wanavyosema." Halafu akasikiliza. Halafu akasema, "Nimekula, ndiyo. Wewe umekula?" Nikaongeza sauti ya muziki wangu. Kuna mambo mtoto hatakiwi kuyasikia, na mama yake kutumaini ni mojawapo.

Kwa kuwa Mchina alisema asiaminiwe, mama alienda kupimwa. Damu, mkojo, kila kitu. Kliniki walipopiga simu alikuwa anageuza chapati ya mtu kwenye kikaango, akasimama na mwiko hewani. "Ziko sawa? Sawa kabisa?" Akashukuru, akaweka simu mezani. Chapati ikaungua.

"Haleluya," nikasema, "kamati ivunjwe." Nikachukua simu yake niandike kwenye grupu. Nilikuwa nimeshatunga: Figo zimepatikana, zilikuwa chini ya kiti.

Akaninyang'anya.

"Acha kwanza."

"Acha nini? Wanakesha wakiomba, mama. Anti amefunga kula. Anti!"

"Nimesema acha." Alizima jiko. "Watu wameanza kusema kwamba nitahitaji kupewa figo. Anti amemwandikia baba yako kwamba mume ndiye wa kwanza kuulizwa. Naye amesema atakuja Jumapili."

"Na wewe unataka aje atoe figo ambayo huihitaji?"

"Nataka aje," mama akasema. "Nataka nione tu anakujaje."

Jumapili alikuja na zabibu na galoni ya maziwa. Funguo anazo, lakini alibisha hodi. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kijani na amejipaka kitu kidogo usoni, na nilitaka kumwambia akaoshe, nikashindwa. Baba aliketi kwenye kochi bila kuvua koti. Koti kubwa lile, la kuzuia theluji, zipu mpaka kidevuni. Nyumba yetu ina joto la kuoka mikate, na yeye alikaa ndani ya koti kama mzigo unaongoja kuchukuliwa.

"Mama watoto, pole sana."

"Nimeshapoa. Vua koti."

"Niko sawa." Aliangalia ukuta, akaangalia zabibu zake. "Nimeongea na mtu mmoja kazini, mke wake ni nesi. Anasema dereva wa lori akitoa figo, kazi kwisha. Barabara ndefu, kukaa, mtikisiko. Halafu mimi nina presha sasa."

"Tangu lini?"

"Tangu haya mambo. Silali." Akakohoa. "Lakini nimeomba. Nimeomba sana, na Mungu akanionyesha kitu. Anayelingana zaidi huwa ni mtoto. Damu moja." Akanigeukia, akatabasamu. "Mami, wewe ni mkubwa sasa. Una figo changa, safi. Mwakani utakuwa mtu mzima, unaweza kutia sahihi mwenyewe."

Mimi huwa nina jibu. Nina jibu kabla swali halijaisha, ndiyo maana ripoti zangu za shule zinafanana kila muhula. Nikasema, "Baba, figo zangu zimejaa soda. Mama ataanza kucheua." Na wakati mdomo unasema hivyo, kitu baridi kilinishika pande mbili za uti wa mgongo, chini, pale pale mshipi unapokaa, nikajikuta nimeweka mikono hapo. Mchina hakuwa ananitania. Nilijua mama haumwi. Nilijua majibu ya kliniki neno kwa neno. Na bado niliogopa.

Hakuna aliyecheka. Mama alifunga bomba la maji.

"Unataka mtoto akatwe?"

"Sijasema akatwe. Nimesema apimwe."

"Wewe umepimwa?"

"Nimekuambia habari ya lori."

"Nimesikia ya lori. Nauliza, umepimwa?"

Baba akafungua zipu kidogo, akaifunga. "Mambo haya ni ya hatua."

Mama alikausha mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama anavyofanya akitoka kumwosha mzee.

"Figo zangu ni nzima," akasema. "Nilipimwa. Hakuna shida. Mchina alikuwa anasema uchovu."

"Nzima?"

"Nzima zote mbili."

Baba alimtazama, akanitazama mimi, na furaha ikampanda usoni, furaha ya kweli kabisa, siwezi kumsingizia. "Bwana asifiwe!" Alisimama, akashusha zipu yote, akavua koti, akalitundika nyuma ya mlango palepale lilipokuwa linatundikwa zamani. Akasugua viganja. "Aisee! Kuna chapati?"

Mama akampashia chapati. Alimpa na ndengu pia. Alikula vizuri, akasimulia habari za mzani wa malori, akauliza kwa nini jikoni kwetu siku hizi kunanuka hivyo. Kwenye chapati ya mwisho ndipo wazo likamfikia, akaacha kutafuna.

"Kwa hiyo ulikuwa unanijaribu?"

"Sikukujaribu," mama akasema. "Nilinyamaza tu."

Daktari alisema nyongo ndiyo hakimu, ndiyo ujasiri. Kwetu nyongo ni uchungu tu, na tunamsifu asiye nayo. Nilimtazama baba akipangusa sahani kwa kipande cha chapati, nikafikiri kwamba amefanikiwa kukosa ya kwao na ya kwetu kwa pamoja.

Alipoondoka mama aliandika kwenye grupu, maneno machache: amepimwa, figo ni nzima, asanteni kwa chakula. Nilidhani imekwisha. Nilisahau ninaishi na watu gani. Figo zilizokuwa zimebaki kidogo sasa zilikuwa nzima, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba zilikuwa nzima tangu mwanzo. Simu iliwaka moto. Anti alifungua mfungo wake kwa ujumbe wa sauti, wa kulia na kuimba. Mchungaji akaagiza ushuhuda.

Jumapili iliyofuata tulipofika kwenye ukumbi tunaokodi kwa ibada, baba alikuwa mstari wa mbele, suti, viatu vinang'aa, ameweka Biblia kwenye kiti cha pembeni amshikie mama nafasi. Mama alisimama kwenye njia muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Kisha akaenda akakaa, maana watu wazima wote walikuwa wamegeuka wanamtabasamia.

Wakaitwa mbele kama familia. Nikaitwa na mimi. Mchungaji akampa baba kipaza sauti kwanza.

"Ndugu zangu," baba akasema, na sauti ikamkwama vizuri sana. "Mimi nilikuwa tayari. Nilimwambia Mungu, kama ni figo, chukua yangu."

Ukumbi ulilipuka. Vigelegele, makofi, mzee mmoja akapiga kiti. Anti alikuwa analia ndani ya kitambaa. Mimi nilikuwa naangalia viatu vya baba na kujiuliza kama amesahau nilikuwepo pale kwenye kochi, au amejiambia hivyo njia nzima kutoka Brampton mpaka ameamini. La pili lingekuwa baya zaidi.

Kipaza sauti kikaja kwa mama.

"Nawashukuru," akasema. "Lakini naomba mnisikilize. Figo zangu hazikuwa na ugonjwa."

"Amina!" mchungaji akasema. "Hazina ugonjwa!"

"Hazikuwahi kuwa nao. Tangu mwanzo."

"Tangu mwanzo! Mungu alishatenda hata kabla hatujaomba! Kanisa, mnasikia?"

Kanisa lilisikia. Lilisikia mpaka ngoma ikaingia. Mama alibaki ameshika kipaza sauti karibu na kifua, mdomo umefunguka kidogo, kama mtu aliyebisha mlango wa nyumba yake mwenyewe na kufunguliwa na mgeni. Halafu akasema asanteni kwa chapati, akakirudisha.

Nje theluji ilikuwa imegeuka matope. Watu walikuwa bado wanamshika baba mkono, mwanamume wa kweli, mfano kwa vijana, na kila mkono ulimwongezea kimo. Alitufuata kwenye maegesho akiwa anatembea kwa mwendo wa mwenye nyumba.

"Ingieni kwenye gari, nitawapeleka," akasema. "Nimefikiri. Nitaongea kazini kuhusu ratiba. Ninaweza kurudi hata mwisho wa mwezi."

Ni sentensi ambayo mama alikuwa ameingoja tangu mwaka juzi. Nilimwona akiisikia. Ilimpita usoni polepole, na sikuona hata mahali ilipogusa.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Usirudi. Nenda Brampton. Nguo zako zilizobaki utazikuta kwenye begi, mlangoni kwa msimamizi wa jengo."

Baba aliangalia nyuma, kwenye mlango wa ukumbi, ambako watu walikuwa wanapunga mikono. "Leo? Baada ya yote haya? Watu watasema nini?"

"Watasema amina."

Hilo lingekuwa langu. Ndilo jibu ambalo mimi ningelitoa nikajisifu nalo mwaka mzima, na yeye alilisema bila hata kuinua nyusi, akanishika mkono, tukavuka barabara kwenda kituo cha basi.

Upepo wa barabara ya Finch hauheshimu mtu aliyetoka kanisani. Tulisimama ndani ya kile kibanda cha kioo kilichopasuka. Nilikuwa natafuta kitu cha kusema juu ya suti ya baba, nilikuwa nimeshakipata karibu kabisa, mama aliposema, "Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Ingekuwa kweli. Ungetoa?"

"Ndiyo," nikasema.

Alitikisa kichwa. "Umejibu upesi. Baba yako naye alikuwa anajibu upesi hivyo hivyo, zamani."

Nilijaribu kupata neno jingine na kila nililolipata lilikuwa mzaha.

"Niliogopa," nikasema mwishowe. "Siku ile. Na nilikuwa najua huumwi."

"Najua."

"Sijui kama ningetoa."

"Hilo ndilo jibu," mama akasema, na hakusema kama anayesamehe wala kama anayekasirika. Alisema kama anayepokea kitu kidogo kuliko alichokitarajia, lakini cha kweli, na aliyekuwa amechoka sana kudai zaidi.

Basi lilikuja limejaa. Tulisimama mpaka kwetu, yeye ameshika nguzo kwa mikono miwili, akiyumba kila kituo, na hakuna kijana hata mmoja aliyempisha kiti.